Ulipaka Nini?

Kama umewahi kushuka kwa boda upande usiofaa, unajua hii hadithi inavyoanza. Shavu la mguu linagusa eksozi, sekunde moja tu, na ukifika nyumbani una alama yenye umbo la yai ambayo utakaa nayo miezi.

Yangu niliipata mwaka jana. Haikuwa kitu ya kumpeleka mtu hospitali. Nikaosha kwa maji baridi, nikapita kwa kemisti ya mtaani, nikauziwa tyubu ya krimu, na boksi nikaitupa kwa pipa pale pale mlangoni. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Siku ya tisa hivi kidonda kikaanza kuwasha. Si kuuma, kuwasha. Vipele vidogo vyenye maji vikajitokeza pembeni. Nikajiambia kumeingia uchafu, kwa hivyo nikapaka zaidi. Vipele vikapanda kuelekea goti. Nikarudi kemisti, nikapewa tyubu ya pili na maneno matamu: "Hii sasa ndiyo kali." Na kweli, siku mbili tatu mguu ulitulia. Halafu ukalipuka upya, mara hii kwa hasira.

Kufikia wiki ya nne nilikuwa nachechemea na mguu uliovimba, unaotoa majimaji, ngozi imegeuka zambarau iliyokolea. Daktari aliyeniona mwishowe alikuwa mama wa makamo, mpole, na nilidhani ataanza kwa kunipima sukari ama kuniandikia sindano. Alivuta kiti tu akauliza, "Kijana, umekuwa ukipaka nini?"

Sikuwa na jibu. Krimu nyeupe, daktari. Ya tyubu.

Akanirudisha nyumbani nikazilete. Alizisoma yale maandishi madogo ya nyuma, polepole, kama mtu anayesoma mkataba wa shamba, kisha akaweka kidole kwa neno moja lililokuwa kwa tyubu zote mbili: neomycin. Kidonda cha eksozi kilikuwa kimefunga zamani. Kilichokuwa kinanisumbua ni dawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu lile swali lake, na nimegundua lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema usije ukasema nimekuzungusha: udaktari umetumia zaidi ya miaka mia moja kujifunza kuuliza "ulipaka nini?", na wengi wetu hapa bado hatuna jibu la kumpa daktari akiuliza.

Turudi hadi 1895, mji wa Graz, Austria. Madaktari wa ngozi wa Kijerumani wamekutana kwa kongamano lao. Anasimama Josef Jadassohn, daktari wa miaka 32 kutoka Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Anataka kuzungumza juu ya zebaki.

Lazima ukumbuke zebaki ilikuwa nini wakati huo. Antibayotiki hazikuwepo. Mtu akiwa na kaswende alitibiwa kwa zebaki. Chawa pia walipakwa zebaki. Marhamu ya zebaki ilikuwa kitu cha kawaida kama paracetamol ilivyo leo. Sasa, kuna wagonjwa waliopakwa halafu ngozi ikawafura na kutoka vipele. Ungekuwa wewe daktari, ungefikiria nini? Rahisi kabisa ni kusema ugonjwa umezidi, ama ngozi ya huyu ni dhaifu, ama dawa haijatosha, mwongeze. Yaani vile mi nilifanya na mguu wangu.

Jadassohn alifanya kitu kingine. Alichukua zebaki kidogo akaibandika mahali ambapo ngozi ya mgonjwa ilikuwa nzima kabisa, haina kidonda wala kipele, akangoja. Ngozi nzima ikawaka, pale pale ilipoguswa na zebaki. Jibu likapatikana bila darubini wala mashine: shida haikuwa ugonjwa, haikuwa uchafu, ilikuwa huyu mtu na hii dawa. Mtu mwingine angebandikwa kitu hicho hicho na asione lolote. Kazi yake ilichapishwa mwaka uliofuata, na hapo ndipo kilizaliwa kipimo cha kubandika, ambacho madaktari wa ngozi wanakitumia mpaka leo.

Nataka uone kitu hapa. Kipimo kikubwa zaidi cha aleji ya ngozi hakikuanzia kwa sabuni, wala kwa maua, wala kwa vipuli vya masikio. Kilianzia kwa dawa ya kupaka iliyomgeuka mgonjwa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "dawa haiwezi kukudhuru, ni dawa", mwambie sayansi yenyewe ilianza kwa kugundua kwamba inaweza.

Neno aleji lilikuja baadaye. Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la "nyingine" na la "kazi", kumaanisha mwili ambao baada ya kukutana na kitu fulani unakifanyia kazi kwa namna nyingine. Kwa Kiswahili tunasema mzio, na mi naona neno letu limebeba zaidi, kwa sababu mzio pia ni mwiko. Kitu chenyewe si kibaya kwa kila mtu. Kwako wewe ndiyo hakiruhusiwi.

Lakini inakuwaje kwamba kitu ulichopaka wiki nzima bila shida kinakugeuka siku ya tisa? Hili swali ndilo linaloponza watu wengi. Jibu lilianza kuonekana vizuri mwaka 1935, New York, kwa Karl Landsteiner, yule yule aliyegundua makundi ya damu na kupewa Nobel mwaka 1930. Akiwa na mwenzake John Jacobs, alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba kemikali ndogo sana zinaweza kuifanya ngozi iwe na mzio.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kemikali ya kwenye krimu ni ndogo mno, peke yake mwili hauioni. Inapenya ngozi na kujibandika kwa protini zako, na sasa protini yako mwenyewe inaonekana kama mgeni. Walinzi wa ngozi wanaibeba hadi kwa matezi, huko seli za kinga zinaonyeshwa sura yake, zinaikariri, zinazaana. Haya yote huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne, na wakati huo wote wewe husikii kitu. Ni kama polisi wanaosambaza picha ya mtu kimya kimya. Wakishamaliza, mtu huyo akionekana tena mahali popote kwa ngozi yako, hata baada ya miaka, wanamrukia ndani ya siku moja hadi tatu.

Ona ule ujanja. Unapaka leo, unawashwa kesho kutwa. Nani atafikiria krimu? Utalaumu samaki wa jana, maji ya mtaro, jirani mwenye macho mabaya. Na ukikumbuka krimu, utaitetea: "Hiyo nimeitumia wiki nzima haikunifanya kitu."

Sasa naskia mtu akisema, basi mi nitumie vitu vya asili tu. Ngoja kidogo.

Kuna utomvu unaoitwa balsamu ya Peru. Jina lenyewe ni uongo, maana unatoka kwa miti ya El Salvador. Wakoloni wa Kihispania walikuwa wakiusafirisha kupitia bandari ya Peru, ndipo ukapata jina la bandari badala ya la watu walioukamua. Unanukia vizuri, kama vanila na mdalasini, na kwa karne nyingi ulipakwa vidonda na upele wa kuambukiza. Ni asili kabisa, umetoka kwa mti. Na ni mojawapo ya vitu vinavyojulikana sana duniani kwa kuleta mzio wa ngozi. Poul Bonnevie, daktari wa Copenhagen, alipochapisha mwaka 1939 orodha ya vitu ambavyo kila mgonjwa apimwe, balsamu ya Peru ilikuwamo. Leo bado imo.

Waliosoma bodi, mnakumbuka BBE? Ile dawa nyeupe ya upele wa bweni, mnapangwa foleni mnapakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni huku mnarukaruka? Kemikali iliyo ndani yake, benzili benzoeti, ni mojawapo ya zile zinazopatikana kwa wingi ndani ya balsamu ya Peru. Kabla hujaanza kudai una aleji ya BBE, jua kwamba kule kuchoma kwa kawaida si mzio. Dawa ikikuchoma papo hapo, na kila mtu kwa foleni anachomeka, hiyo ni dawa kali tu. Mzio huchelewa, huchagua mtu, na huwasha zaidi ya kuchoma. Watu wengi huchanganya hayo mawili.

Ama chukua lanolini, mafuta yanayotoka kwa manyoya ya kondoo. Oscar Liebreich aliyaingiza kwa dawa huko Berlin miaka ya 1880, na tangu hapo yamekuwa ndani ya marhamu nyingi. Asili pia. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa kugusa huwa kinachagua kila mwaka kitu kimoja cha kuangaliwa sana. Ni kama Ballon d'Or, ila mshindi anakuwasha. Mwaka 2023 mshindi alikuwa lanolini. Na kuna jambo la kushangaza kuihusu: mtu anaweza kuipaka kwa ngozi nzima isimfanye kitu, lakini akiipaka kwa ngozi iliyo na kidonda ama ukurutu, inamwaka. Yaani inakuvizia siku unayoihitaji.

Vita Kuu ya Pili ndiyo ilifundisha somo hili kwa nguvu. Dawa za salfa zilikuwa zimefika na zilionekana kama muujiza. Wanajeshi wa Marekani walibeba unga wa salfa wa kumwagia kidonda. Baadaye penisilini nayo ikawa kwa krimu na marhamu. Watu wakapaka na kupaka. Haikuchukua miaka mingi madaktari wa ngozi wakaona hatari: kupaka dawa hizi kwa ngozi ni njia ya haraka mno ya kumfanya mtu awe na mzio nazo. Na mzio ukishaingia kwa mlango wa ngozi, hauishii hapo. Siku mtu huyo ana homa ya mapafu na anahitaji penisilini ya sindano, mwili wake tayari umeshaiwekea picha ukutani. Dawa ambayo ingemwokoa inaweza kumuua, kwa sababu ya kidonda kidogo cha zamani kilichopakwa marhamu. Ndiyo maana leo hupati krimu ya penisilini kwa kemisti. Iliachwa.

Lakini binadamu ni binadamu. Hii ikitoka, ile inaingia. Mwaka 1949 Selman Waksman na Hubert Lechevalier, wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani, walitangaza antibayotiki mpya kutoka kwa vijidudu vya udongo. Wakaiita neomisini. Ilikuwa kali mno kwa masikio na figo kutumiwa ovyo kwa sindano, kwa hivyo ikaelekezwa kwa ngozi: krimu, marhamu, unga, matone ya macho na masikio. Bei nafuu, inaua bakteria, kila mtu anafurahi. Mwaka 2010 neomisini ikachukua ile Ballon d'Or.

Na si yenyewe tu. Neomisini ina ndugu, na mmoja wao ni jentamisini, ambayo hapa kwetu ni dawa ya maana sana hospitalini, hata kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Ngozi iliyokataa neomisini mara nyingi humkataa na huyo ndugu. Daktari wangu aliandika hilo kwa kadi yangu kwa wino mwekundu. Nilichomwa na eksozi, nikatoka na dawa mbili ambazo lazima niseme "hapana" maisha yangu yote. Hapo ndipo niliacha kuona hii kama stori ya kuwashwa tu.

Sasa ile tyubu ya pili, ile "kali". Kwa nini ilinituliza siku mbili halafu ikanimaliza?

Hapa anaingia Marion Sulzberger, Mmarekani ambaye nampenda kwa sababu hadithi yake inazunguka na kurudi ilipoanza. Alisomea ngozi Zürich kwa Bruno Bloch, na Breslau kwa Jadassohn mwenyewe, kisha akarudi New York na kile kipimo cha kubandika akakieneza Marekani. Mwaka 1952, yeye na Victor Witten walionyesha kwamba haidrokotisoni ikipakwa kwa ngozi inatuliza ukurutu. Hiyo ilikuwa mapinduzi. Kabla ya hapo mwenye ukurutu alipakwa lami na subira. Mwanafunzi wa mtu aliyegundua kwamba dawa inaweza kuwasha akawa ndiye aliyeleta dawa ya kuondoa muwasho. Unadhani hadithi imeisha vizuri.

Kabla miaka ya 1950 kwisha, madaktari wakaripoti wagonjwa wenye mzio na haidrokotisoni yenyewe. Mwaka 2005 steroidi za kupaka zikachaguliwa kuwa mzio wa mwaka. Dawa ya mzio, ikawa na mzio. Na ni mzio wenye ujanja kuliko yote, kwa sababu steroidi inawasha moto huku ikiumwagia maji. Hata kwa kipimo cha kubandika, jibu lake linaweza kuchelewa, na daktari mwangalifu huangalia tena hata siku ya saba.

Lakini shida kubwa hapa kwetu si mzio wa steroidi. Ni mchanganyiko. Ingia kemisti nyingi useme una upele, na utapewa krimu ya tatu kwa moja: steroidi ya kutuliza, antibayotiki ya bakteria, na dawa ya fangasi, zote kwa tyubu moja. Wazo ni kwamba kama hujui ni nini, piga risasi tatu, moja itapata. Sasa fikiria ngozi yangu, yenye mzio na neomisini, inapakwa neomisini pamoja na steroidi. Steroidi inazima moto siku mbili tatu, unashukuru Mungu. Neomisini inaendelea kumwaga petroli chini. Ukiacha, moto unapanda. Unasema, "Aah, nikiacha hii dawa ugonjwa unarudi, kumbe inanisaidia." Unanunua nyingine. Mtu anaweza kuzunguka hapo mwaka mzima.

Simlaumu mhudumu wa kemisti. Alinipa alichojua, na mi ndiye nilitaka kitu ya haraka nisipange foleni. Ninacholaumu ni ile hali yetu ambapo hakuna anayeuliza, na hakuna anayebaki na boksi.

Na sisi watu wa mtandaoni tusijione wasafi, tumeharibu pia. Mnakumbuka ile hofu ya parabeni? Kila mtu mwenye simu na taa ya duara alikuwa anawaambia watu watupe losheni zenye parabeni. Kampuni zikaona upepo, zikatafuta vihifadhi vingine, na kimoja kilichosambaa sana kilikuwa na jina refu la kuvunja ulimi, methilaisothiazolinoni. Kilichofuata Ulaya kilikuwa wimbi kubwa la watu wenye mzio. Mwaka 2013 ndicho kilichukua tuzo, na kufikia 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa umekipiga marufuku kwa vipodozi vya kupaka na kuacha. Halafu mwaka 2019 kile chama cha Marekani kikafanya kitu hakijawahi kufanya: kikachagua parabeni kuwa "kisicho mzio" cha mwaka. Yaani tulikimbia paka tukaingia kwa pango la chui. Kabla hujarekodi video ya "usitumie hii", uliza watatumia nini badala yake.

Sasa nyumbani. Ile zebaki ya Jadassohn haikufa Graz. Ilikuja ikakaa kwa sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal juu ya watu wazima waliokuwa wakiugua figo, miili imevimba, mkojo umejaa protini. Wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Hiyo si aleji, hiyo ni sumu inayopenya ngozi hadi damu. Lakini tazama mlango ulifunguliwa na ufunguo gani. Mtu alimwangalia mgonjwa wa figo, akauliza anapaka nini. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mkorogo bado unapimwa kwa kijiko na kutiwa kwa mkebe usio na jina. Anayeupaka hana cha kumwonyesha daktari hata akitaka.

Pwani nako kuna piko, ile hina nyeusi ya harusi. Hina yenyewe hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Ule weusi wa haraka hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD, ambayo haikukusudiwa kukaa kwa ngozi saa nzima. Kuna mabibi harusi na wapambe wao waliobaki na maua ya malengelenge badala ya maua ya hina. Na aliyeshikwa na PPD huenda siku moja akashangaa rangi ya nywele inamfura uso, ama krimu ya kutia ganzi yenye benzokaini inamwasha, kwa sababu kemikali hizo zinafanana kwa umbo na mwili hauna muda wa kuzitofautisha.

Kuna jambo lingine ambalo historia hii ilitusahau. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa vikitazama ngozi nyeupe. Vinasema mzio ni wekundu. Wekundu upi, kwa mguu wangu? Kwa ngozi nyeusi unaweza kuona zambarau, kijivu, ama weusi uliozidi, na mara nyingine kidole kinasikia vipele kabla ya jicho kuviona. Mwaka 2020 Malone Mukwende, kijana mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa na walimu wake kitabu cha mwongozo kinachoitwa Mind the Gap, kuonyesha dalili zinavyokuwa kwa ngozi nyeusi. Mwanafunzi! Na karibu zaidi na sisi, pale Moshi, chini ya Kilimanjaro, tangu 1992 kuna kituo cha KCMC kinachofundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi, kwa sababu walioanzisha walijua daktari bingwa wa ngozi hawezi kufika kila kijiji. Kwa hivyo hatuanzi na sifuri.

Mi sikufanyiwa kipimo cha kubandika. Wale wanaofanyiwa hubandikwa vitu vidogo vingi mgongoni, hukaa navyo saa 48 bila kuoga mgongo, kisha daktari husoma siku hiyo na tena siku mbili baadaye. Na vitu hivyo vingi huchanganywa kwa nini? Petroli jeli. Ile ya kawaida, ya shosho, ya kung'arisha miguu ya watoto wa shule asubuhi. Imechaguliwa kwa sababu ni nadra sana kumletea mtu mzio. Mwaka 1996 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 922 wa upasuaji mdogo wa ngozi. Nusu walipakwa marhamu ya antibayotiki ya basitrasini, nusu petroli jeli tupu. Katika maambukizi hapakuwa na tofauti ya kuhesabika kati ya makundi hayo. Katika mzio, wanne wa basitrasini waliupata. Wa petroli jeli, hakuna.

Hiyo ndiyo daktari aliniandikia. Acha tyubu zote mbili, osha kwa maji safi, paka petroli jeli, na dawa ya kutuliza ya siku chache isiyo na lile neno. Nilikuwa nimelipa nauli, nimepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na naambiwa nipake kitu cha shosho. Nusu nicheke. Wiki ya pili mguu ulikuwa umekauka. Alama bado ipo, nyeusi kuliko ngozi yangu, kubwa mara tatu kuliko eksozi ilivyonichoma. Kipande cha katikati ni cha boda. Kilichobaki nilijipaka mwenyewe.

Siku hizi nikinunua dawa yoyote ya ngozi napiga picha pande zote za boksi kabla sijatoka kwa kemisti. Simu ina folda yake. Neno langu nalijua kwa herufi zake zote. Kama una kidonda ama upele ambao kila ukiupaka unazidi, usiongeze dawa. Simamisha, beba kila tyubu, sabuni na losheni unayotumia, mpelekee daktari ama afisa wa kliniki, hata kama hajauliza. Na leo ukifika nyumbani, toa zile tyubu za kwenye droo uangalie nyuma. Ukipata moja ambayo haina maandishi yoyote, sijui nikuambie nini. Huyo daktari atakuuliza, na wewe utamwambia kama mimi: krimu nyeupe, daktari. Ya tyubu.